Kabla ya kutuchukulia mkoba mlangoni mwa ndege, tuulizeni ndani mna nini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na kampuni za ndege, niseme na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na zaidi niseme na wenzangu wa Tanga ambao wamo mbioni kukata tiketi kwenda kwa watoto wao Arabuni na Ulaya. Mimi ni mkunga mstaafu, wodi ya wazazi nimeikalia miaka 31. Kampuni iliyonisafirisha siitaji, kwa kuwa nimekwisha kuwaandikia na majibizano bado yanaendelea. Tena wasafiri niliozungumza nao tangu nirudi wamepatwa na haya haya kwa kampuni nyingine.

Mwezi wa Februari mwanangu wa pili, aliyeolewa Muscat, alikuwa amekaribia kujifungua. Kwa desturi yetu mimba ya kwanza mwanamke hurudi kwao kuzalia. Yeye daktari alimkataza kupanda ndege, basi ikawa mama ndiye wa kwenda.

Nilianza kufunga mizigo wiki mbili kabla. Sanduku kubwa nilitia iliki ya Amani, bizari niliyoitwanga mwenyewe, achari ya embe, ubuyu, kanga doti sita, na chupa mbili za mafuta ya nazi ya kumkanda mzazi, kila chupa nimeifunga taulo. Tiketi ilisema kilo 23. Nikalipeleka kwa jirani yangu muuza mchele hapa Makorora, tukaliweka juu ya mizani yake, likasoma 25 na nusu. Ubuyu nikautoa wote na achari nikapunguza. Ndege za kampuni kubwa nilikuwa sijawahi kupanda. Nilizozizoea ni zile ndogo za kutoka Tanga kwenda Pemba, ambazo mzigo ni kilo 15 tu, begi wanataka liwe laini, na kijana analisukuma tumboni mwa ndege wewe mwenyewe umesimama hatua kumi unaliona.

Mkoba wa mkononi ndio niliouwekea akili zaidi. Kazi yangu imenifundisha kwamba dawa haziachani na mgonjwa, na mimi ni mgonjwa wa presha mwaka wa kumi na moja huu. Humo nilitia vidonge vya siku 60, cheti cha daktari, miwani ya kusomea na pawabanki ya simu. Chini kabisa nikalaza mkaja. Wasomaji wa bara huenda hawaujui: ni kitambaa kirefu cha kumfunga mzazi tumbo siku arobaini. Huu wetu ni wa kitambaa cha marekani, ile pamba ya kizamani, ulimfunga bibi yangu, ukamfunga mama, ukanifunga mimi kwa watoto wote wanne, na umefuliwa mpaka umekuwa mwepesi kama shashi. Ndani ya mkunjo wa mkaja nikaweka herini za dhahabu za marehemu mama, za mjukuu akizaliwa wa kike.

Stendi ya Kange, hapa Tanga, nilipanda basi la saa kumi na mbili asubuhi. Konda alibandika namba juu ya sanduku, kipande chake akanipa. Segera waliposhuka abiria nilitoa kichwa dirishani nikaliangalia buti mpaka likafungwa, Chalinze vile vile. Mkoba ulikuwa mapajani njia nzima.

Uwanja wa ndege Dar es Salaam, jengo la tatu, binti wa kaunta alikuwa na adabu. Sanduku lilisoma 22.8. Akalizungushia mpini karatasi ndefu yenye mistari myeusi, akakata kipande na kukibandika nyuma ya pasi yangu. Nikamwomba anisomee kilichoandikwa, kwa sababu ndivyo tulivyofanya kazi sisi. Wodini kwetu mtoto akizaliwa hachukuliwi kwenda kupimwa uzito mpaka afungwe plasta mkononi yenye jina la mama, saa na jinsia, na mkunga amsomee mama kwa sauti: mtoto wa fulani, wa kike, saa tisa na robo. Mama aitikie kwanza. Binti yule hakunikatalia. Akanionyesha herufi MCT, ndiyo Muscat, na chini yake tarakimu kumi ambazo ndizo jina la sanduku hilo mpaka lifike. Akanieleza kila uwanja una herufi zake tatu, hata huu wetu wa Tanga unao, TGT. Nikatulia moyo. Tuliloagana naye ni kwamba sanduku linakwenda chini na mkoba nakwenda nao mimi.

Mlangoni mwa ndege mambo yakawa mengine. Tumepanga foleni, mhudumu anatazama mikoba ya watu, akaushika wangu. “Mama, ndani kumejaa, huu utakwenda chini.” Nikamwambia, mwanangu, humu mna dawa zangu. Akasema, “Utaupata ukifika.” Mkono wake ulikuwa umekwisha kufunga karatasi kwenye mpini wakati ananijibu. Nyuma yangu watu wanasukuma, mbele yangu wanapanda. Hakuuliza ndani mna nini, hakunisomea karatasi, hakunipa hata nusu dakika ya kufungua zipu. Nikauachia.

Nilipofika kitini nikaliona kabati la juu yangu. Lilikuwa na nafasi ya mikoba miwili.

Kuna jambo hapa halinihusu mimi peke yangu, ni la usalama wa wote waliokuwamo. Ile pawabanki. Betri za akiba za namna ile haziruhusiwi kabisa kwenda chini na mizigo, ziko kwenye orodha ya kila kampuni, kwa sababu ikishika moto juu wahudumu watauona na watauzima, chini hakuna mtu. Ndiyo maana mkoba ukichukuliwa mlangoni, anayeuchukua anatakiwa amwambie mwenyewe azitoe betri kwanza. Angeniuliza la betri tu ningefungua zipu, na vidonge vingetoka pamoja nazo.

Tulibadilisha ndege usiku, mji wa tatu. Muscat sanduku kubwa lilikuja miongoni mwa ya mwanzo, zima, hata taulo za mafuta hazikulowa. Lile nililoliogopa wiki mbili lilifika salama. Mkoba nikaungoja. Watu wakaisha, mkanda ukazunguka na begi moja jekundu la mtu, kisha ukasimama.

Mkwe wangu alikuwa nje. Nilikuwa nimekwisha geuka kwenda kumwita aje kuniulizia, akanizuia mzee mmoja mfanyakazi wa pale, Mwomani mwenye Kiswahili cha Unguja. “Bibi, usiuvuke mlango ule kabla hujaandikisha. Ukishatoka, kurudi humu ni shida, na watakwambia ulitoka umeridhika.” Akanipeleka mwenyewe kwenye dirisha la mizigo. Maneno yale ya mzee nataka kila mtu anayesoma barua hii ayashike, maana sikuyaona yameandikwa popote tangu Dar es Salaam. Dirishani walinionyesha ubao wa picha za mabegi nichague linalofanana na langu, wakaniuliza rangi, wakaniuliza ndani mna nini. Nilitaja kitu kimoja kimoja, na herini nikazitaja, zikaandikwa. Wakanipa karatasi yenye namba ya jalada, herufi tano na tarakimu tano, na wakaandika namba ya simu ya mkwe.

Siku ya pili presha ilisoma 170 kwa 100. Cheti nacho kilikuwa ndani ya mkoba, hivyo dukani hawakuniuzia dawa, ikabidi mkwe anipeleke kliniki akatoa rial 22 kunilipia daktari na vidonge. Mtu mzima nimekwenda kumhudumia mzazi, nikawa mimi ndiye wa kupimwa asubuhi na jioni, na mwanangu na tumbo lake lile ananiuliza kama nimepata usingizi.

Akajifungua siku ya tatu. Wa kike, kilo 3 na gramu 100, alilia mara moja. Nilimfunga mama yake kwa kanga. Kanga inafunga, siwezi kusema haifungi, na nimewafunga wanawake wengi kwa kanga kazini. Lakini mwanangu alitazama mikono yangu, akaniuliza, “Mama, na ule wa bibi?”

Mkoba uliletwa nyumbani siku ya tano, na dereva. Ulikuwa na karatasi mpya ya uwanja ambao mimi sijawahi kuukanyaga, maana yake ulizunguka peke yake. Zipu imeng'oka upande mmoja. Dereva akanipa karatasi nitie sahihi kwamba nimepokea. Nikamwomba asubiri, akakunja uso, nikafungua mbele yake. Vidonge vipo. Miwani mkono mmoja umevunjika. Mkaja upo, lakini haukukunjwa nilivyoukunja mimi. Herini hazimo. Nikaandika hivyo hivyo kwa kalamu juu ya ile karatasi kabla ya kutia sahihi, na nakala tukaipiga picha. Baadaye mtoto wa kaka yangu anayesoma sheria aliniambia nilifanya jambo kubwa bila kujua, kwani ukipokea mzigo kimya kimya, ule ukimya huhesabiwa ni ushahidi kwamba umeupokea ukiwa mzima.

Kijana huyo ndiye aliyenifungulia macho kwa mengine. Kumbe upo mkataba wa nchi na nchi juu ya mambo haya, Mkataba wa Montreal wa 1999, ulioanza kutumika Novemba 2003, na Tanzania imo, na Oman imo. Safari ya nchi hadi nchi mzigo ukifika umeharibika, lazima ulalamike kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Mzigo ukichelewa, ni siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Zikipita siku 21 tangu siku ambayo mzigo ulipaswa kufika na haujaonekana, una haki ya kudai kama mtu aliyepotelewa. Mahakamani mwisho ni miaka 2. Na fidia ina kikomo: tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria mmoja, hiyo ni fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, na ukiibadilisha inakuwa kama dola 2,000 za Marekani. Kikomo hicho si malipo ya papo kwa papo. Lazima uonyeshe umepoteza nini, na stakabadhi za ulivyonunua kwa kucheleweshewa mzigo uzitunze. Ile ya kliniki, rial 22, tunayo. Mwenye kitu cha thamani zaidi ya kikomo anaweza kukitangaza kaunta kabla ya kukabidhi mzigo, akalipia nyongeza ikitakiwa, na hapo kampuni inabanwa kwa thamani aliyotangaza.

Mhariri, nimesoma magazeti tangu shule ya msingi na siku zile 7 sikuwahi kuzisikia. Kwenye tiketi yangu zimo, nimezitafuta nikazikuta, kwa Kiingereza, herufi ndogo kuliko za kwenye chupa ya sindano. Mtu aliyetoka Lushoto au Pangani kwenda kumwona mwanawe atazisoma wapi?

Niliandika malalamiko siku ya pili baada ya kupokea mkoba. Jibu lilikuja baada ya mwezi, aya mbili. La miwani na zipu wanalifikiria. La herini wamesema masharti yao yanakataza kutia vito kwenye mzigo unaokwenda chini, hivyo hawahusiki.

Hapo ndipo nilipoamua kuandika gazetini. Mimi sikutia vito kwenye mzigo unaokwenda chini. Nilitii sharti lao neno kwa neno. Dawa, cheti na vitu vya thamani niliviweka mkononi kama walivyotaka, mkoba uko chini ya kilo 7 walizotaka, na binti wa kaunta aliuona akaupitisha. Waliougeuza ukawa mzigo wa chini ni wao, mlangoni, wakati sina tena pa kurudi. Haiwezekani mkono unichukulie kitu kwa nguvu ya sare, kisha barua iniambie kosa ni langu kwa kukiacha kichukuliwe. Nimewajibu hivyo.

Na nimewauliza swali jingine ambalo hawajalijibu. Tangu Juni 2018 shirikisho la kampuni za ndege duniani, IATA, linazitaka kampuni zake zifuatilie kila mzigo katika hatua nne: unapopokewa kwa abiria, unapopakiwa, unapohamishwa ndege na unaporudishwa kwa mwenyewe. Basi mkoba wangu uliandikwa katika hatua zipi, na ulizama kati ya ipi na ipi? Wodini mtoto akikosekana dakika tano, daftari linafunguliwa, na daftari linasema nani alimshika mara ya mwisho. Mkoba si mtoto, nalijua hilo. Lakini kazi ya kukabidhiana ni ile ile, na mwenye kupokea ndiye mwenye kuandika.

Ninaloomba si kubwa. Ndege ikijaa, mikoba mingine lazima iende chini, hilo nalikubali, chumba ni kidogo na watu ni wengi. Anayekuja kunichukulia wangu aniulize kwa Kiswahili, nikiwa bado nimeushika: mna dawa, mna betri, mna kitu cha thamani? Anisubiri nivitoe, anipe mfuko wa kuvitia, anisomee karatasi anayoifunga. Dakika moja. Wodini tulikuwa na wazazi wanne kwa kitanda kimoja na dakika hiyo tuliipata. Na pale kaunta iwepo karatasi moja ya Kiswahili, herufi za kusomeka na mzee, inayosema usitoke ukumbini kabla ya kuandikisha, na zile siku 7 na siku 21. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ina baraza lake la watumiaji wa huduma. Naliomba baraza hilo lisimame na sisi katika hili, na lifike mikoani, si Dar es Salaam pekee.

Kwa wenzangu mnaosafiri, hasa kina mama tunaokwenda kuzalisha watoto na wazee wanaokwenda Makka: vidonge viwe mwilini, kwenye kipochi cha kuvaa chini ya buibui au kiunoni, visikae kwenye mkoba wa kushika. Cheti cha daktari kipigwe picha. Vitu vyote vya sanduku na mkoba viandikwe karatasi mbili, moja ibaki nyumbani, na vipigwe picha vikiwa ndani kabla ya kufunga. Mali bila daftari huisha bila habari. Mimi nilikuwa na daftari la kila mtoto niliyempokea, herini za mama yangu sikuzipiga hata picha moja. Namba ya simu ya kule uendako, si ya Tanga, iandikwe nje ya begi na ndani pia, kwani ile karatasi ya mpini ikikatika ndani ndiko watakakotazama. Na karatasi za safari ya zamani zing'olewe zote. Mzee yule wa Muscat aliniambia mashine husoma iliyo mbele yake, haijui ipi ya leo na ipi ya mwaka jana.

Nitarudi tena Muscat, Mungu akipenda, mjukuu akianza kutambaa. Mkaja sikurudi nao, nimeuacha kule. Mwanangu ameuosha na kuukunja, kauweka kabatini kwake.

Herini bado nazitafuta, na kwa kuwa gazeti hili husomwa mbali naomba nizieleze. Ni mbili, za duara, ndogo kama kitufe cha shati, dhahabu nyekundu ya kizamani ya masonara wa Tanga. Ya kushoto ina kibonyeo upande mmoja, niliing'ata nikiwa mtoto mchanga mgongoni mwa mama. Nilizifunga kwenye kitambaa cheupe, mafundo mawili, na pembeni ya kitambaa nilitarizi herufi ya kwanza ya jina lake, S, kwa uzi wa kijani. Anwani yangu nimeiacha kwako, Mhariri.

Mkunga mstaafu,
Makorora, Tanga